Tumeshusha jukwaa: shajara ya ngoma ya kata yetu, Magu

12 Februari

Naanza kuandika hii kwasababu mwaka jana hatukuandika chochote, matokeo yake kwenye kikao cha kwanza cha mwaka huu tulikaa watu kumi na moja na kila mtu ana mwaka jana wake. Mi ndo katibu, nina kasteshenari kangu hapa senta, kompyuta ipo, kwahiyo wakasema katibu andika.

Kwa wasiojua: mwaka jana tulifanya tamasha la utamaduni la kata kwa mara ya kwanza. Tukakodi jukwaa la mbao, turubai juu yake, spika nne, emsii kutoka Mwanza mjini, ratiba nimeichapa mwenyewe kwa rangi, kila kikundi dakika kumi. Ilitakiwa iende mpaka saa kumi na moja jioni, saa nane watu wameshaondoka. Na vikundi havikuwa vibaya jamani, hilo ndo linaniuma. Chukulia bugobogobo, ile ngoma ya majembe, mchezaji anarusha jembe juu linazunguka hewani analidaka na mguu haujakosa hata pigo moja. Sasa pale juu kuna turubai na mabomba ya chuma, ukirusha unatoboa turubai la watu, kwahiyo vijana wakacheza wameyashika tu majembe mkononi kama watu wanatoka nayo dukani. Alafu ngoma zenyewe, ngozi inataka moto, wapigaji huwa wanawasha kamoto pembeni wanazigeuza geuza mpaka zilie vizuri, sisi tuliwaambia moto hauruhusiwi karibu na nyaya za spika. Ngoma zikalia kama debe bovu. Na emsii anawakatiza, "dakika zenu zimeisha, makofi kwao!", manju, yule mwimbishaji wao, yuko katikati ya wimbo, hajafika hata kwenye yale maneno ya kuwachokoza wapinzani ambayo ndo watu wameyafuata.

Saa nane jua kali, wamebaki watoto na wenye viti.

24 Februari

Nimeenda Bujora, pale Kisesa, kilomita kama 20 kutoka Mwanza mjini, nikiwa na mwenyekiti wetu na mzee mmoja wa Bagalu (moja ya pande mbili za ngoma za Kisukuma, nyingine ni Bagika) ambaye nitamwita tu namhala, yaani mzee kwa Kisukuma, maana hapendi jina lake liandikwe andikwe. Mwenyekiti hakuwahi kufika makumbusho ya Wasukuma pale, amekaa Magu miaka arobaini, aisee. Sisi wengine tulishawahi kwenda kwenye Bulabo, ile sherehe ya mwezi wa sita inayoendana na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo, aliyeiweka pale ni Padri David Clement, Mkanada, yule aliyeingiza ngoma za Kisukuma mpaka kwenye ibada enzi watu wengine wanahubiri ngoma ni za shetani.

Tulichofuata ni kitu kimoja, namna mashindano yanavyopangwa. Kule hamna kupokezana jukwaa. Bagika wanacheza upande huu na Bagalu upande ule, WAKATI MMOJA, uwanja mmoja, na jaji ni watu. Mtu akichoka hapa anavuka anaenda kule, na mwenye watu wengi ndo mshindi, basi. Hiyo haikuanzia Bujora wala kwa padri, ni ya karne ya 19 huko, inasimuliwa walikuwa wawili, Ngika na Gumha, waganga wote, kila mmoja anasema dawa yangu ndo kali, wakaona kuliko kubishana tucheze tuone watu watamfuata nani. Wa Ngika wakawa Bagika, wa Gumha wakawa Bagalu, mpaka leo hii ukizaliwa nyumba fulani unajua we ni wa wapi kabla hujajua Simba na Yanga.

Njiani kurudi namhala akasema sentensi moja tu, kwenye daladala, hajamwangalia mtu: "Nyie mliwaweka kwenye foleni kama wagonjwa."

Mwenyekiti kanyamaza mpaka tunashuka.

9 Machi

Kikao. Hoja: hakuna jukwaa, hakuna turubai, hakuna emsii. Mabishano masaa matatu. Vijana wanasema bila spika vijana wenzao hawaji, mama mweka hazina anasema bila spika tunaokoa laki nane, hapo mjadala ukawa mfupi kidogo.

Tatizo ni mfadhili. Kuna kampuni moja ya vinywaji mwaka jana ilitoa pesa kidogo na mwaka huu walisema wataongeza ila wanataka jukwaa libaki (bango lao linakaa wapi sasa?), na wanataka msanii wa bongo fleva afunge. Nilimpigia yule dada wao wa masoko nikamweleza kwamba mwaka huu ni duara mbili chini kwenye vumbi, akauliza "sasa kamera itakaa upande gani?" Swali zuri kiukweli, sikuwa na jibu. Hajarudisha simu mpaka leo. Tuhesabu hayupo.

30 Machi

Vibali. Barua kwa mtendaji wa kata, kwa afisa utamaduni wilaya, kwa polisi kwa ajili ya mkusanyiko. Zote nimeandika mwenyewe. Ofisi moja imenirudisha mara tatu kwasababu barua inasema "mashindano" na kibali cha mwaka jana kinasema "tamasha", wakaniuliza ni kipi kati ya hivyo. Nikaandika "tamasha la mashindano". Ikapita.

13 Aprili

Leo ndo siku ambayo nimejifunza kuliko zote, ngoja niandike vizuri.

Tulienda kiwanja cha shule kujaribu, vikundi vya mazoezi tu, wapigaji wanne kila upande. Swali: duara mbili zikae mbali kiasi gani? Ukiziweka karibu ngoma zinaingiliana, wapigaji wa huku wanaanza kufuata pigo la kule bila kujijua. Ukiziweka mbali sana mtazamaji haoni upande wa pili kuna nini, na asipoona havuki, asipovuka hamna shindano, kuna ngoma mbili za kawaida tu kwenye kiwanja kimoja. Tulianza hatua 40, fujo tupu. Hatua 100, watu wamekaa tu kimya na walipokaa ndo wamekaa. Hatua 70 hivi ikakubali, ukiwa huku unasikia kwamba kule kuna kelele imepanda ila husikii wanaimba nini, na hicho ndo kinachokuondoa. Umbea, kwa kifupi. Miguu inafuata umbea.

Nikadhani tumemaliza. Namhala akauliza, "na upepo?"

Hapa kwetu ziwa liko kaskazini, upepo wa ziwani ukianza mchana unapuliza kutoka kule kuja huku. Sisi tulikuwa tumeweka duara moja kaskazini moja kusini. Kwahiyo wa kaskazini kila wanachopiga upepo unawapelekea mpaka kwenye masikio ya watazamaji wa wenzao, bure, na wa kusini hata wapige mpaka ngozi ipasuke sauti inarudi nyuma mashambani. Namhala anasema zamani watu walipigana ngumi kwa hilo. Basi tukageuza, moja mashariki moja magharibi, upepo unapita katikati hauna upendeleo. Ila sasa jua. Jioni ukiwa unavuka kwenda duara la magharibi unatembea na jua machoni. Tukakubaliana wabadilishane uwanja saa saba, kama mpira.

Mkuu wa shule alikuwa anatuangalia dirishani muda wote, mwisho akaja na kopo la chokaa akatuchorea alama. Hajasema kitu.

4 Mei

Dawa. Nilijua itafika.

Mjumbe mmoja, muumini mzuri sana na mtu wangu wa karibu, amesema hawezi kukaa kwenye kamati ya kitu ambacho viongozi wa vikundi wanapaka dawa ya kuvuta watu. Na hajasema uongo, historia yenyewe ya Bagika na Bagalu ndo hiyo, nimeiandika juu hapo. Kikao kikawa kizito. Wengine wakataka tuweke sheria imeandikwa, "marufuku dawa", mi nikauliza nani atakagua na atakagua nini, mtu kapaka mafuta ya nazi utajuaje?

Namhala aliomba kusema. Akauliza timu ya mpira ya kata ikienda kucheza ligi ya wilaya huwa kamati ya ufundi, wale wa kwenda kwa mganga, inalipwa kutoka fungu gani. Kikao kizima kikacheka maana mweka hazina wa timu ndo huyo huyo mjumbe anayelalamika.

Tulichoandika kwenye muhtasari: kila kikundi kitafanya maandalizi yake nyumbani kwao, kiwanjani watu waingie na ngoma, majembe na mavazi tu. Mjumbe kabaki. Kwa shingo upande, ila kabaki.

25 Mei

Pesa. Bila mfadhili tumebaki na michango ya kaya (tuliomba elfu mbili, wengi wametoa elfu moja, wengine mpunga), ada ya meza za mama lishe, na wafanyabiashara wa senta. Jumla iliyo mkononi 1,140,000. Fahali wa mshindi tumeshampata kwa 620,000, mbuzi wawili wa mshindwa 130,000. Ndio, mshindwa anapewa. Namhala alisisitiza, anasema kikundi kikirudi nyumbani mikono mitupu mwaka kesho hakiji na hapo huna shindano, una harusi isiyo na bibi harusi.

Tarehe imewekwa 5 Julai, siku mbili kabla ya Sabasaba. Watu wengi watakuwa wameshauza pamba na mpunga umeshaingia ndani, na wanafunzi wapo nyumbani. Zamani pia msimu wa ngoma ulikuwa huo huo baada ya mavuno, hatujagundua kitu hapo.

14 Juni

Mambo madogo madogo. Kuni za kupashia ngoma, mizigo miwili, kila upande mmoja, tumekopa kwa mama mmoja jirani na shule, 35,000. Maji ya kumwagia vumbi, bajaji ya mizigo na madebe. Choo cha shule tumeahidi kukiacha kisafi kuliko tulivyokikuta, nimesaini.

Na kuna jambo la Bayeye. Hawa ni wale wacheza na nyoka, kutoka nje ya kata, wameomba kuja kama wageni, sio kushindana. Kila mtu kafurahi. Nimepigia ofisi ya wanyamapori wilaya kuuliza kuhusu chatu, wamesema mwenye nyoka aje na karatasi zake, nimempigia mwenye nyoka anasema karatasi anazo. Swali lililobaki ni nyoka atalala wapi usiku wa tarehe 4. Gesti ya senta imekataa. Mwenye gesti ananiambia "katibu, mi nakuheshimu, lakini hapana".

4 Julai, usiku

Chatu amelala stoo kwangu. Kwenye gunia, ndani ya sanduku, katikati ya rimu za karatasi. Mke wangu kaenda kulala kwa dada yake.

6 Julai

Jana sikuweza kuandika, miguu. Naandika leo.

Saa mbili asubuhi moto ulikuwa umeshawaka pande zote mbili na ngoma zimeinamishwa zinapashwa. Watu hamna kabisa, mi nikaanza kutokwa jasho, mwenyekiti anatembea tembea. Saa tatu na nusu ngoma kubwa ya Bagalu ikapigwa mara moja, tuu, imekaa, tena tuu. Huwezi amini, nikaona watu wanatokea kwenye mahindi yaliyokauka, kwenye njia ya kisimani, nyuma ya godauni. Mwaka jana tulitangaza siku tatu na gari la spika.

Mpaka saa tano ilikuwa Bagalu. Vijana wao wa majembe ni balaa, kuna mmoja amerusha jembe likapanda mpaka tukapoteza macho kwenye jua, likashuka, kalidaka nyuma ya mgongo, na alivyolidaka kajifanya anapalilia, taratibu, kama yuko shambani peke yake. Watu wakalia! Nikaona mstari wa watu unatoka mashariki unavuka, wamama na watoto mgongoni, nikahesabu nikaacha. Manju wa Bagika akaona. Alikuwa hajatoka bado, alikaa muda wote kwenye kigoda amejifunika shuka. Akanyanyuka, akaanza kuimba peke yake bila ngoma, sauti ya chini chini, kitu kuhusu mtu fulani wa upande wa pili aliyekopa ng'ombe wa mahari na bado hajarudisha. Hakutaja jina. Ila kila mtu alijua na waliokuwa mbali wakaanza kuuliza "kasema nini? kasema nini?" na mstari ukageuka. Nusu saa hivi uwanja ulikuwa wake. Zile hatua 70 zilifanya kazi yake jamani, nilitamani mkuu wa shule nimkumbatie.

Saa saba wakabadilishana upande. Hapo ndo tukaharibu.

Bayeye tuliwaambia watasubiri mpaka mshindi atangazwe. Mtu wa kuwaambia nilikuwa mimi, na niliwaambia kwa simu, na inaonekana alichosikia mwenzangu ni "saa saba". Wakaanzia barabarani, karibu na mama lishe. Sasa we fikiria, mtu ana sahani ya ugali na sato mkononi, anageuka anaona chatu shingoni kwa mtu. Uwanja wote ulihama. WOTE. Bagika wanacheza hamna mtu, Bagalu wanacheza hamna mtu, mpaka yule kijana wa jembe nilimwona ameliegemea anachungulia. Manju wote wawili walinifuata kwa pamoja, ndo mara ya kwanza siku ile wamekubaliana kitu. Mmoja ananiambia "katibu, umeleta mshindani wa tatu", mwingine hakusema, alinitazama tu. Nikawapa kuku wawili wa kwangu wa nyumbani na maneno mengi ya kuomba radhi, kila upande kuku mmoja, wakarudi uwanjani saa tisa kasoro.

Baadae watu walirudi, tena wengi zaidi maana nyoka aliita hadi waliokuwa barabara kuu. Dagaa, matobolwa (viazi vitamu vya kuchemsha vikakaushwa) na karanga viliisha saa kumi, mama mmoja alituma bodaboda mara mbili kuongeza michembe, vile viazi vinavyokaushwa vibichi.

Hukumu saa kumi na moja na nusu, maana kibali kinasema saa kumi na mbili kiwanja kiwe kitupu. Wazee watatu kutoka kata nyingine, ngoma moja inapigwa, kila mtu asimame alipo. Vijana walipanda juu ya tangi la maji la shule wakapiga picha kwa simu, wazee wakawacheka, "macho hayatoshi?". Wakazunguka taratibu mikono nyuma. Bagalu. Kelele, fahali akafunguliwa kamba, akakimbia, akakamatwa kwa mkuu wa shule.

9 Julai

Hesabu. Meza za mama lishe zimeleta 96,000, zaidi ya tulivyotegemea. Tumetumia kila kitu isipokuwa 22,500. Deni la kuni 35,000 bado, kwahiyo kimsingi tumepungukiwa 12,500, mwenyekiti amesema atatoa mfukoni, nimeandika ili asisahau. Ngoma moja ya Bagika imepasuka ngozi, wanadai ilipasukia moto wetu, kuni za mkaratusi zinatoa joto kali. Inawezekana. Choo kimeoshwa, mkuu wa shule kasaini kwamba kiko safi.

Yule dada wa masoko amepiga. Ameona video ya chatu.

11 Julai

Kuna shida kwenye picha za tangini. Nilizichapa kubwa kuweka kwenye mbao za matangazo, na kweli kwenye picha Bagalu wana watu wengi. Ila ukiangalia vizuri, baada ya kubadilishana saa saba Bagalu walikuwa upande wa mashariki, na mashariki kuna ule mwembe mkubwa wa shule, na hao watu wengi wengi wamekaa sehemu gani? Kivulini. Kuna mmoja kalala kabisa, kofia usoni. Jua la jioni lilikuwa kwa Bagika lote. Upepo tuliupima, jua tuliliongelea, hatua tulihesabu, mwembe tuliuona kila siku hatukuuona.

Namhala nimemwonyesha picha, kwa vile yeye ni Bagalu nilitaka nisikie atasemaje. Kaishika mbali na macho, kaiangalia muda mrefu, kaniambia "mwembe nao ni wa Bagalu, babu yangu ndo aliupanda." Kanirudishia picha.

Leo asubuhi Bagika wameleta barua. Imeandikwa kwa mkono, imesainiwa na manju na watu tisa, wanataka marudiano kabla mvua hazijaanza, kwenye kiwanja kisicho na mti hata mmoja, na nyoka asiwepo ndani ya kata siku hiyo. Fahali ameshaliwa. Nimeipokea, nimeigonga mhuri, nakala moja kwa mwenyekiti. Kiwanja kisicho na mti ninachokijua mimi ni cha ginari ya pamba, kesho naenda kupima hatua.